Mstari wa Mmoja, Rangi ya Mwingine: Picha, Ngano na Utu Uzima Masasi na Newala tangu 1906

Mwaka 2013 mchoraji wa Uskochi, Johanna Basford, alichapisha kitabu cha michoro ya bustani isiyotiwa rangi, akakikusudia kwa watu wazima. Haukupita muda mrefu vitabu vya namna hiyo vikaenea katika nchi nyingi, na miongoni mwavyo vile vya ngano vikajipatia nafasi yake: kasri za wafalme, wanyama wanaosema, majini wadogo wenye sura za kupendeza, vyote vikiwa mistari mitupu inayongoja rangi ya mnunuzi. Wauzaji walivinadi kama ruhusa ya mtu mzima kurejea utotoni. Ndani ya kauli hiyo mna dhana mbili ambazo hazikuhojiwa sana. Ya kwanza ni kwamba ngano yenye picha ni mali ya mtoto. Ya pili ni kwamba kutia rangi mstari uliochorwa na mtu mwingine ni mchezo, si kazi.

Makala haya yanadai kwamba, kwa upande wa Masasi na Newala, dhana zote mbili ni ngeni, na kwamba kuingia kwake kunaweza kufuatiliwa katika historia. Katika eneo hilo picha ya kiumbe wa ngano ilikuwa kwanza jambo la watu wazima, au la wale waliokuwa wakivushwa kuingia utu uzima. Kuigawa kazi ya mkono wa mstari na mkono wa rangi nako hakukuanza na vitabu vya 2013. Kilichobadilika ni nani anayehesabiwa kuwa mtoto, na jina la nani linabaki chini ya picha.

Mahali penyewe

Masasi na Newala hutajwa pamoja mara nyingi, lakini haziko mahali pamoja. Masasi ipo chini, katika tambarare yenye vilima vya mawe vinavyochomoza peke yake. Newala ipo juu, kwenye ukingo wa magharibi wa Uwanda wa Makonde, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana kwa mbali. Uwanda huo una mvua na baridi ya kutosha lakini maji ya juu ya ardhi ni haba. Kwa vizazi vingi wanawake walishuka ukingo kufuata visima na chemchemi, wakapanda tena na mitungi kichwani. Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera waliishi kwa kuchanganyikana hapo, na Kiswahili kilipita kati yao kama lugha ya njia ya misafara.

Kiswahili cha kuandikwa kilifika kwa mlango wa misheni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar kupitia Lindi, akalikalisha Masasi. Steere huyo ndiye aliyekuwa ametoa mjini London, mwaka 1870, mkusanyo wa hadithi za Waswahili wa Unguja, zikiwamo kisa cha Punda wa Dobi na kile cha Sultani Darai. Inafaa kukumbuka kwamba hadithi hizo alisimuliwa na watu wazima, naye alizichapa kwa ajili ya watu wazima: wamisionari na wasomi waliohitaji kujifunza lugha. Hazikuwa vitabu vya watoto. Zilipata kuwa hivyo baadaye, shule zilipohitaji matini mepesi ya kusomesha, na ngano ikaonekana kuwa ndiyo matini mepesi kuliko yote. Msomaji wa Punda wa Dobi aliyekutana na punda huyo darasani hupata taabu kuamini kwamba kisa hicho kilipata kuwa mazungumzo ya baraza.

Kalamu ya risasi, 1906

Mwaka 1905 Vita vya Majimaji vilifika kusini, na kituo cha misheni cha Masasi kikachomwa moto. Mwaka uliofuata, majivu yakiwa bado hayajapoa sana, aliwasili mtaalamu wa Kijerumani wa elimu ya makabila, Karl Weule, kutoka jumba la makumbusho la Leipzig. Alikuwa amekusudia kwenda kaskazini ya koloni. Machafuko ya huko yakamgeuza kuja kusini. Kuanzia katikati ya 1906 alipita Lindi, Masasi, Chingulungulu kwa mwenye mji Matola, kisha Newala na Mahuta. Alikuja na kamera, fonografu ya kunasia nyimbo, na chombo cha kupigia picha za sinema. Pamoja na mitambo hiyo alikuwa na kitu rahisi zaidi, ambacho ndicho kinachohusika hapa: kalamu za risasi na karatasi za kuchorea, alizowagawia wapagazi wake na wenyeji.

Waliochora walikuwa watu wazima. Katika kitabu cha safari alichokitoa mwaka 1908, ambacho Alice Werner alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1909, michoro kadhaa imechapwa pamoja na majina ya wachoraji wake. Barnabas, Mmwera msomi wa Lindi, alichora kundi la tembo. Bakari, Mswahili, alichora meli ya Rufiji. Mpagazi mmoja mashuhuri wa msafara, aliyeitwa Pesa Mbili, alichora msafara wenyewe ukiwa njiani. Mwingine alichora ramani ya barabara kuu na vituo vyake, kwa kukumbuka miguu yake ilipopita.

Haifai kuifanya michoro hiyo iwe kitu ambacho sicho. Mingi yake si ngano. Ni mambo yaliyoonwa kwa macho: mnyama, chombo, njia, watu wenye mizigo. Hata hivyo ina sifa mbili zinazogusa hoja hii. Kwanza, ni mistari. Kalamu ya risasi haimpi mchoraji rangi. Humpa mzingo wa kitu na kuuacha utupu ndani yake. Pili, mistari hiyo husimulia. Msafara wa Pesa Mbili hauna mahali mtazamaji anaposimama akauona wote kwa mara moja; watu wanafuatana kwenye karatasi kama matukio yanavyofuatana katika kisa. Mtazamaji aliyezoea picha ya kamera huona hapo upungufu wa kina. Aliyezoea kusikiliza msimulizi huona mpangilio.

Kilichoipata michoro hiyo baada ya kuvuka bahari ndicho kilichoamua itakavyosomwa. Leipzig ya miaka ile ilikuwa kitovu cha utafiti wa michoro ya watoto. Mwanahistoria Karl Lamprecht alikuwa akikusanya michoro ya watoto kutoka pande nyingi za dunia, na mwaka 1905 Siegfried Levinstein alitoa mjini humo kitabu juu ya michoro ya watoto hadi umri wa miaka 14. Fikra iliyotawala ni kwamba mtoto mmoja hurudia katika makuzi yake njia iliyopitwa na wanadamu wote, na kwa hiyo mchoro wa mtoto wa Ulaya na mchoro wa mtu mzima wa Afrika vinaweza kuwekwa kwenye ubao mmoja na kulinganishwa. Katika mazingira hayo mpagazi mwenye ndevu, aliyeijua njia ya kutoka pwani hadi bara kwa majina ya vituo vyake, aliweza kusomwa kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Ni vigumu kufikiria utoto uliotolewa kwa bei rahisi zaidi kuliko huo. Weule, kwa upande wake, alifanya jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakulifanya: aliyachapa majina. Bila hayo leo pangekuwa na michoro ya wenyeji tu, na hoja ya umri wao isingekuwa na pa kushika.

Chora, nembo, kinyago

Lugha yenyewe inatoa ushahidi ambao haukupitia Leipzig. Kitenzi kuchora katika Kiswahili cha zamani hakitenganishi waziwazi kukata na kuandika. Fundi huchora mlango kwa patasi; mwenye kalamu huchora karatasi; na mtu anayeandika vibaya huambiwa anachorachora. Katika kitenzi hicho mstari ni mtai, jambo linaloingia ndani ya kitu. Rangi haichorwi. Rangi hupakwa au hutiwa, huja juu ya kilichokwisha kuchorwa, na neno lenyewe limekuja kutoka ng'ambo, asili yake Kiajemi. Tena Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli kikamilifu: -eupe, -eusi na -ekundu. Zilizobaki huazima majina ya vitu: rangi ya majani, ya machungwa, ya zambarau, ya kahawia.

Neno nembo linatufikisha Newala moja kwa moja. Leo nembo ni alama ya taifa, ya chama au ya kampuni. Kabla ya hapo ilikuwa ni chale za mapambo usoni na mwilini, na Wamakonde huziita dinembo hadi sasa. Weule alizipiga picha nyingi alipokuwa uwandani, pamoja na ndonya za midomoni. Utaratibu wake ni kwamba fundi alikata mistari ya pembe na mawimbi kwenye ngozi, kisha ikasuguliwa mkaa ili kovu lipate weusi. Hapo mstari na rangi ni hatua mbili za kazi moja, na mwenye kubeba picha siye aliyeichora. Aliyechanjwa alilipa kwa maumivu yake na akakaa na mchoro wa mtu mwingine maisha yake yote. Yeyote anayedai kwamba kuukamilisha mstari wa mwingine ni mchezo wa kupitisha wakati angepaswa kwanza kuyaeleza hayo.

Na kuna kinyago. Shina lake ndilo lile la unyago, na kwa Wayao inyago ni zile sanamu zilizoandaliwa kwa ajili ya mafunzo ya jando. Uchunguzi wa Hugh Stannus na J. B. Davey, uliochapishwa mwaka 1913, ulizieleza kwa Wayao wa Nyasaland, jamaa wa Wayao wa Masasi na Newala ng'ambo ya Ruvuma. Sanamu za wanyama na viumbe wengine zilichorwa chini, udongo ukainuliwa kufuata umbo, kisha zikatiwa weupe kwa unga na weusi kwa mkaa au majivu. Kila moja ilikuwa na wimbo wake na fundisho lake. Maana ya nyimbo hizo ni siri ya wenyewe, na makala haya hayana haja ya kuipekua. Lililo wazi ni kanuni ya kuona. Mtoto hakuwa mtazamaji wa picha hizo. Alizuiwa kuziona hadi siku ile ambayo kuziona kwenyewe kulikuwa sehemu ya kuuacha utoto. Waliozichora na kuzitia rangi walikuwa wazee na mafundi.

Kwa kipimo hicho, kauli ya kwamba picha ya kiumbe wa ajabu humrudisha mtu mzima utotoni imegeuza mlango nje ndani.

Mti uliotembea

Ngano inayofungamanisha mambo haya ni ile ya asili ya Wamakonde, ambayo Weule aliiandika uwandani na ambayo bado husimuliwa kwa namna mbalimbali. Palikuwa na kiumbe mmoja akiishi peke yake porini, haogi, hanyoi nywele, hali wala hanywi sana. Akachonga mti ukawa na umbo la mtu, akausimamisha penye makazi yake, akalala. Kulipokucha mti ule ulikuwa mwanamke, akawa mke wake. Wakateremka mtoni Ruvuma, mwanamke akajifungua mtoto aliyekufa. Wakahamia bonde jingine, ikawa vilevile. Wakapanda juu, upande wa Mahuta, na huko mtoto akaishi. Ndipo ikawa desturi ya watu hao kukaa juu, mbali na mito mikubwa.

Kisa hiki hufupishwa katika maandishi ya watalii kuwa hekaya tamu ya mchongaji na mke wake wa mti. Ukikisikiliza chote, ni kisa cha watoto wawili waliokufa na cha kuchagua makazi. Kinaeleza kwa nini mwanamke wa Newala atembee saa nyingi kufuata maji badala ya kujenga kando yake, na ndani yake mna maarifa ya mabonde yenye maradhi na njia za mateka. Wasikilizaji wake wa kwanza walikuwa watu waliozika. Hata jambo la sanaa lililomo si jepesi: sanamu haikuwa hai mkononi mwa mchongaji, bali ilipata uhai alipoiacha na kulala. Kazi iliyoanzwa na mmoja ilikamilishwa na kingine, wakati wa usiku, bila yeye kuona.

Jinsi ngano kama hii ilivyopunguzwa haikuwa njama ya mtu mmoja. Shule ilichukua sehemu ya mtoto, kanisa likachukua sehemu ya jando. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1926, alijulikana kwa kuligeuza jando liwe ibada ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku, hatua ambayo Terence Ranger aliichambua kwa kina katika makala yake ya 1972. Iwe ilikuwa busara au la, jando lililosimamiwa na kasisi lilikuwa na mtaala mwingine wa picha. Ngano ikabaki kitabuni, na kitabu kikabaki darasani. Fasihi andishi ya Kiswahili ilijaribu kuirudisha kwa wakubwa. Shaaban Robert, kwa Kusadikika na Adili na Nduguze, alitumia umbo la ngano kusema na raia na watawala. Lakini picha haikurudi pamoja nayo. Vitabu vya watu wazima vilikwenda bila picha, kana kwamba picha ni ngazi ya kuachwa mtu akishapanda.

Lilanga na mashetani yake

Picha ilirudi kwa njia nyingine, na kwa mtu wa Masasi. George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, wilaya ya Masasi, akajifunza kuchonga kama Wamakonde wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Dar es Salaam akaanza kazi Nyumba ya Sanaa akiwa mlinzi wa usiku, kisha akaonekana kipaji. Kabla yake Samaki Likankoa, Mmakonde kutoka Msumbiji, alikuwa ameanzisha Dar es Salaam mtindo wa kuchonga mashetani. Lilanga aliwachukua mashetani hao kutoka kwenye mpingo akawaweka kwenye karatasi, bamba la zinki, ngozi ya mbuzi, batiki, na mwishowe ubao na turubai kwa rangi kali za mafuta. Ni viumbe wenye masikio makubwa, matumbo ya mviringo, vidole vichache na vinywa vinavyocheka. Wanakwenda hospitali, wanagombana ndani ya nyumba, wanapanda basi, wanampeleka mgonjwa kwa mganga.

Wanapendeza, na ndipo wanapopotosha. Mnunuzi wa mbali huona katuni. Mzungumzaji wa Kiswahili ana kitu cha ziada, kwa sababu kazi nyingi za Lilanga zina majina marefu ya Kiswahili, mara nyingi sentensi kamili, zenye kuonya, kusuta au kusimulia nusu ya kisa na kuacha nusu nyingine kwenye picha. Ni tungo fupi zilizo karibu na methali na maandishi ya kanga, na zinastahili kusomwa kama fasihi, pamoja na mistari iliyoko upande wa mbele. Huyu ni msimulizi wa watu wazima anayezungumza juu ya ndoa, deni, maradhi na uchawi kwa vinywa vya vibwengo.

Katika miaka yake ya mwisho Lilanga aliugua kisukari, akapoteza miguu, naye akafariki Dar es Salaam mwaka 2005. Karakana yake ilifanya kazi kwa mgawanyo: yeye alichora mizingo, wasaidizi wake, wakiwamo jamaa zake, wakajaza rangi. Wakusanyaji wengine wametilia shaka uhalisi wa kazi hizo kwa sababu hiyo. Shaka hiyo haina uzito inaoonekana kuwa nao. Katika utamaduni ambako fundi wa nembo alikata na mkaa ukasuguliwa baadaye, ambako mzee alichora inyago na wengine wakanyunyiza unga, kujaza rangi kwa kufuata mstari wa mkubwa ni namna ya kujifunza na ya kushiriki. Tofauti ipo mahali pengine. Karakana ya Lilanga iliuza kwenye soko linalotaka saini moja, na waliotia rangi hawakupata pa kuandika majina yao.

Mfano wa upande wa pili uko jirani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, magharibi ya Masasi, alianza kuuza picha zake za wanyama Dar es Salaam mwaka 1968. Mafundi wake hawakuanza na mstari. Walipaka kwanza rangi ya nyuma kwenye ubao, kisha mnyama, kisha madoa. Ni utaratibu ambao kitabu cha kupaka rangi hakiwezi kuuiga, kwa sababu hauachi utupu wa kujazwa. Mwaka 2010 mtindo huo ulifanywa kuwa katuni za televisheni, Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa na idhaa ya watoto ya BBC, zikisimulia kwa nini tembo ana mkonga na mengine ya aina hiyo. Kazi ni nzuri na watoto waliifurahia. Lakini mkondo ni uleule wa Leipzig kwa sura ya upole zaidi: picha iliyochorwa na watu wazima waliohama kusini kutafuta riziki, pamoja na ngano iliyosimuliwa na wazazi wao, vimepelekwa kwenye chumba cha mtoto, na humo ndimo dunia inamovijua.

Vitabu vingi vya kupaka rangi huwa na ukurasa wa kwanza wenye mahali pa kuandika jina la mwenye kitabu, yaani la mtia rangi. Jina la mchoraji lipo kwenye jalada. Majina yote mawili yana nafasi. Katika michoro ya 1906 yapo ya wachoraji, Barnabas, Bakari na Pesa Mbili, kwa wino wa mtu aliyewachukulia kama data. Katika mbao za Lilanga lipo la mchoraji peke yake, na nyuma yake, kwa Kiswahili, sentensi ambayo aliyeining'iniza picha ukutani haioni tena.